Mama Hisopo

Kikombe kilikuwa kile kile: cha bati, cheupe, ukingo wake umebanduka karibu na mkono na kuacha doa jeusi dogo kama kunde. Mama Hisopo alikitambua kabla hajamtazama aliyekishika. Kwa miaka yote ya ndoa yake alikuwa akilitafuta doa hilo kwa kidole gumba kila asubuhi, ili ajue midomo aiweke upande gani. Sasa kikombe kilikuwa mkononi mwa mke mpya wa aliyekuwa mume wake, naye alisimama kwenye kilango cha ukutani, anakohoa.

"Shikamoo, dada. Mama ameniagiza majani. Ya kifua."

"Marahaba. Kifua chake au chako?"

"Changu. Si unamjua mama? Anasema nyumba yake haikohoi."

"Najua anavyosema."

Mtaa ulimwita Bibi Harusi, ingawa harusi yenyewe ilikuwa ya mwaka juzi na maua yake ya karatasi yalishaozea mtaroni. Jina likishaganda mtaani haliondoki kwa sabuni. Mama Hisopo alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wanawake wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza, mama fulani na mama fulani. Yeye hakuwa na mtoto wa kuitiwa, basi watu, wengine kwa huruma na wengine kwa kejeli, wakampa jina la mmea alioulima.

Alichukua mkasi akainama kwenye tuta. Bibi Harusi aliegemea kizingiti, mkono mmoja kiunoni. Jirani wa nyuma alikuwa anakaanga vitunguu, na upepo ulipoileta harufu, binti yule aligeuza uso upesi akameza mate. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Tumbo lilikuwa bapa kama ubao wa kukatia mboga. Lakini mwanamke aliyepoteza mimba tatu huiona mimba ya mwenzake kabla yenyewe haijajiamini, na mkasi wa Mama Hisopo ulisimama hewani.

Hisopo ilikuwa imechanua. Ilijipanga chini ya ukuta, mahali jua linapopiga tangu asubuhi, vichaka vya kufika magotini vyenye majani membamba, na maua ya buluu inayoelekea zambarau yamepanda upande mmoja tu wa kila kijiti. Nyuki walijaa humo, hawana habari na mtu. Kabichi zilizokuwa kando zilitoka salama kila msimu, kwa sababu vipepeo weupe walipenda kuzurura kwenye hisopo kuliko kutaga mayai kwenye kabichi. Mmea huu hautaki maji mengi wala kubembelezwa. Unachotaka ni kukatwa. Ukishavuna maua, unashusha vijiti vyote hadi vibaki urefu wa kiganja, hata kama roho inakuuma. "Usiihurumie," mama mkwe alikuwa akimwambia. "Ukiihurumia inageuka kuni."

Mama mkwe ndiye aliyeileta, kijiti kimoja ndani ya kitambaa kibichi, siku alipotoka kwa mama yake kwenda kuolewa. Ikawa ndiyo hisopo ya nyumba. Mtoto wake alipokua akawa fundi wa kuchomelea vyuma, akaoa, na mkewe ndiye aliyekabidhiwa jembe. Ndoa ilipovunjika, wazee wa ukoo walikaa wakaugawa uwanja: nyumba ya mbele kwa Fundi na mama yake, chumba cha nyuma na bustani kwa mke aliyeilima. Fundi akasimamisha ukuta wa matofali katikati. Aliacha kilango kimoja tu, kwa sababu mama yake alisema afadhali akose chumvi kuliko hisopo. Hivyo Mama Hisopo akabaki na kile alichokijua. Alivuna, akafunga mafungu, akayaning'iniza jikoni kichwa chini mpaka yakawa yanachakarika, akapeleka sokoni kwa wenye vifua vibovu, kwa wauza chai, na kwa wapishi wachache wanaojua kuitia kwenye nyama kwa ncha za vidole, maana ikizidi kidogo tu chungu kizima kinakuwa kichungu.

Na kabla ya yote hayo kulikuwa na kikombe. Siku ya pili ya ndoa yake, hata hina haijakauka vizuri, mama mkwe alimletea kitandani, kinafuka moshi. Fundi alivuta moshi wa vyuma kutwa, mtaa ulikuwa na vumbi, na nyumba hiyo haikohoi. Mkwe hakatai kikombe cha mama mkwe. Alikunywa. Kilikuwa kichungu, kina harufu ya mnanaa iliyochanganyika na kafuri, na baada ya wiki chache aliuzoea uchungu ule mpaka akaukosa alipokuwa safarini. Alikunywa alipokuwa mzima na alipokuwa mgonjwa. Alikunywa mara ya kwanza alipokosa siku zake, akaficha furaha yake chini ya ulimi pamoja na kinywaji, kwa sababu mimba changa haitangazwi. Ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilikaa mpaka akaanza kulegeza sketi, kisha nayo ikatoka. Kila mara mama mkwe alimpikia kikombe kizito zaidi, cha kumrudishia nguvu, naye alikipokea kwa mikono miwili akasema ahsante.

Nyumbani hakuna aliyemwambia kitu. Aliyemwambia alikuwa mkunga mmoja, mteja wa sokoni, tena miaka miwili baada ya talaka, tena kwa bahati tu. Mama Hisopo alimwongezea fungu la bure, akamwambia awape na wajawazito wake wanaokohoa. Mkunga alilirudisha.

"Mwenye mimba simpi hii."

"Kwa nini?"

"Ndivyo nilivyofundishwa. Inaamsha tumbo."

"Na aliyekwisha kunywa?"

"Wapo waliokunywa wakazaa mapacha. Wapo ambao hawajawahi hata kuinusa wakatoka kapa. Siwezi kukuambia ndiyo wala siyo, dada yangu. Nakuambia tu mimi simpi."

Mama Hisopo aliketi chini, palepale kwenye tope la soko, akasema jua ni kali. Tangu siku hiyo alikuwa na kitu kibaya kuliko kosa: alikuwa na shaka. Kosa lina mwenyewe, utamshika koo. Shaka haina koo. Aliwaza kumwendea mama mkwe amuulize, na kila alipofika kwenye kilango aligeuka akarudi. Kama yule mama hakujua, kumwambia ni kumuua. Kama alijua, basi atakayekufa ni aliyeuliza.

Sasa alikata ncha za hisopo, zile laini zenye maua, nyingi kuliko alizoombwa. Ilikuwa rahisi kiasi cha kumtisha: hakuhitaji kufanya ubaya wowote, alihitaji tu kuwa jirani mwema. Ampe alichotumwa, afunge kilango, akakae jikoni kwake asubiri. Yeye mwenyewe, nani alimwonya? Aliyajaza majani kwenye kikombe mpaka yakafunika lile doa. Bibi Harusi alinyoosha mkono.

"Ngoja," Mama Hisopo alisema. Sauti ilimtoka kwa hasira, na hakujua hasira hiyo ilimwelekea nani. "Una mimba?"

Binti alitazama nyuma yake, kisha chini. "Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

"Hata mume wangu hajui. Nangoja ikae kwanza."

"Na mama?"

"Mama! Nitamwambiaje mama mambo hayo? Si aibu?"

"Basi usinywe hii. Kohoa tu. Tia asali kwenye maji moto, kohoa, lakini hii usinywe mpaka ujifungue."

"Kwa nini?"

"Mimi nilikunywa."

Bibi Harusi alimtazama muda mrefu. Mwanzoni kulikuwa na hofu usoni mwake, na laiti hofu ingekaa, mambo yangekwisha hapo. Lakini hofu ilipisha kitu kingine. Alikivuta kikombe kifuani, majani na yote.

"Dada, mama ananipenda."

"Hata mimi alinipenda."

"Ndiye anayenipikia tangu niingie nyumba ile. Unataka kuniambia mama anamuua mjukuu wake?"

"Sikusema anaua. Nimesema usinywe."

"Watu waliniambia nisije kwako. Walisema siku nikipata, utanitazama tumbo." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nikasema, hapana, yule dada ana roho safi."

Kilango kilifungwa. Mama Hisopo alibaki ameshika mkasi, akagundua kwamba amesema neno la kweli kuliko yote aliyowahi kusema maishani, na limesikika kama uchawi.

Alasiri Fundi alikuja mwenyewe, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Alikuwa amekasirika, lakini chini ya hasira kulikuwa na furaha iliyokuwa ikimponyoka kila alipofungua mdomo, kama mtu aliyeokota kitu asitake kionekane. Mama Hisopo aliiona. Ilimchoma kuliko matusi, kwa sababu yeye hakuwahi kumpa nafasi ya kuwa nayo.

"Umemwambia nini mke wangu?"

"Nimemwambia asinywe hisopo akiwa mjamzito."

"Umemwambia mama yangu anampa sumu."

"Amekunywa?"

"Amekunywa mbele yangu, nami nimemwambia anywe! Nilikulia kikombe hicho. Mama alikulia kikombe hicho. Wewe hukuzaa, basi kila mtu asizae?"

"Mwambie mama kwamba mkeo ana mimba. Nenda leo, mwambie tu hivyo, halafu msikilize atakavyosema."

"Mama ataambiwa ikishakaa. Siyo wewe utakayetupangia." Aligeuka aondoke, akarudi. "Na mke wangu hatakanyaga hapa tena. Kesho asubuhi nakuja kukata majani mwenyewe. Hisopo ni ya mama yangu, wewe ni mtunzaji tu. Wivu huo utakumaliza."

Wivu anao, hakukana. Angekuwa mnafiki kukana. Alimwonea wivu binti yule kwa kila kitu, hata kwa kichefuchefu chake. Ndiyo maana jambo lililokuwa mbele yake lilimtia uchungu wa namna ya pekee: angekuwa mwema, angalau angejifariji kwa wema wake. Hakuwa mwema. Alikuwa mtu aliyejua kitu, na asubuhi ingefika, na kikombe kingejazwa. Akihesabu moyoni, mimba ile ilikuwa na umri ule ule waliokuwa nao zake mbili za mwanzo zilipotoka.

Jua lilipochomoza alikuwa tayari na jembe. Hakukata. Kukata ni kuistawisha. Ingerudi na nguvu mpya. Alichimba. Mizizi ya hisopo hukaza kama meno, na ile ya mwanzo kabisa, iliyozaliwa na kijiti cha kitambaa kibichi, ilimlazimu kupiga magoti na kuivuta kwa mikono miwili mpaka ikatoka na bonge la udongo, na yeye akaanguka chali. Nyuki walimzunguka kichwani kwa bumbuazi. Wawili walimdunga, akawaona wana haki. Harufu ilijaa uwanjani, kali, safi, harufu ya asubuhi zote za ndoa yake kwa pamoja, akalia huku anachimba bila kusimama kufuta pua.

Jirani wa vitunguu alichungulia juu ya ua. "Jamani! Hisopo imekukosea nini?"

"Imenichosha."

"Imekuchosha, au kuna mtu anaongezeka ng'ambo huko?" Habari ilikwisha vuka ukuta, na katika mtaa ule habari ya mimba changa ilifichwa kwa mama mkwe peke yake. "Kijicho hicho, mwenzangu. Kijicho hakilimi, lakini leo nakiona kina jembe."

Mama Hisopo alikusanya vichaka vyote katikati ya uwanja, akaingia jikoni akatoa na mafungu makavu, akawasha moto. Yaliungua upesi, yakapasuka kwa vishindo vidogo. Fungu moja tu lilibaki nyuma ya mlango, sijui alilisahau au alilisamehe.

Fundi alipofungua kilango alikuta tuta limepinduliwa na moshi unapanda. Pengine alitarajia atamkuta amelala njiani anamsihi. "Sasa umeonyesha rangi yako," alisema kwa sauti ya mtu aliyepumzika, kwa maana sasa talaka yake ilikuwa na sababu ambayo mtaa mzima ungeikubali. Akaondoka.

Aliyekuja baada yake alikuja polepole, na fimbo ilitangulia. Mama mkwe hakuwa amevuka kilango kile tangu ukuta usimame. Alikuwa amekwisha, bega moja limeshuka kuliko jingine, na chini ya mtandio alishika kile kikombe. Alitafuta mahali pa kukaa, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa, akaangalia udongo uliogeuzwa. Nyuki walikuwa bado wanarudi, wanashuka mahali palipokuwa na maua, wanapanda, wanashuka tena.

"Hisopo ya mama yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu anasema ni kwa kijicho."

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mtaa ulikwisha hukumu, na neno moja lingempeleka mzee yule nyumbani kwake na moyo mzima. Mama Hisopo alifungua mdomo alitamke, likatoka jingine.

"Mkwe wako ana mimba."

Mama mkwe alishtuka. Hakushtuka kama mtu aliyesikia habari. Alishtuka kama mtu aliyekumbuka chungu alichokiacha motoni.

"Tangu lini?"

"Bado changa. Haijatangazwa."

"Nami nimempa..." Fimbo ilimponyoka ikaanguka, na hakuna aliyeiokota. "Jana nimempa. Juzi nimempa."

Miaka yote Mama Hisopo alikuwa akiliogopa jibu hili, na sasa lilikuwa limekaa juu ya beseni lake. "Kumbe unajua."

"Mama yangu aliniambia siku aliponipa kijiti. Mwenye mimba hapewi. Mwenye mimba hujisema, akawekwa kando. Mimi nilipoipata ya Fundi nilimnong'oneza mama mkwe wangu, akaninyang'anya kikombe siku hiyo hiyo."

"Mimi hukuninyang'anya."

"Hukuniambia! Hata mara moja. Nilikuwa naona damu tu, kwisha. Ningekuuliza vipi? Mtu anamuuliza mkwewe ya tumboni?"

"Ungeniambia kikombe hakinywewi na mwenye mimba, ningekuambia nina mimba."

"Ungeniambia una mimba, ningekuondolea kikombe." Mama mkwe aliyafumba macho. "Wahenga walisema, mficha uchi..." Methali ilibaki nusu, na nusu iliyobaki wote wawili waliijua.

Moto ulikuwa umebaki majivu. Mama Hisopo aliuliza bila kumtazama. "Na baada ya ile ya kwanza?"

"Baada ya ya kwanza nilijiambia ni bahati mbaya."

"Na ya pili?"

"Baada ya ya pili nikaanza kuogopa kuuliza. Nikiacha kukupa, ni kama nimesema ni mimi." Sauti ilikuwa ndogo, imepauka. "Baada ya ya tatu nikamwambia mwanangu aoe mwingine."

Mama Hisopo alikuwa amejiandalia maneno ya siku hii. Aliyapanga kwa miaka, akayanoa, na yote aliyakuta yamekwenda. Mzee yule alianza kukohoa. Vumbi la tuta na moshi vilimshika, akakohoa mpaka akainama juu ya magoti, yeye ambaye nyumba yake haikohoi. Mama Hisopo alimwacha akohoe. Alimwacha muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaingia jikoni, akatoa lile fungu nyuma ya mlango, akachemsha maji.

Alikichukua kikombe magotini kwa mama mkwe, akakijaza, akamrudishia.

"Kunywa, mama. Kwetu sisi haina tena cha kuchukua."

Mama mkwe alikunywa nusu. Hakusema ahsante. Aliweka kikombe chini, akainuka kwa kushika ukuta, akakisukuma kilango na kukiacha wazi nyuma yake. Mama Hisopo alimsikia akivuka uwanja wa pili bila fimbo, hatua za kuburuta, kisha mlango ukagongwa taratibu. Bibi Harusi alikohoa ndani. Ikaja sauti ya yule mzee, ya chini, ya mtu asiyezoea alichokuwa anakifanya.

"Mwanangu, hebu nifungulie. Nina neno nataka kukuuliza."

Mama Hisopo alisimama kwenye udongo mtupu kusikiliza jibu. Mlango ulifunguka, ukafungwa, na ukuta ukayameza maneno yote yaliyofuata. Aliokota kikombe. Kidole gumba kilitafuta lile doa chenyewe, kikaligusa, naye akageuza ukingo akanywa iliyobaki, imekwisha poa, mpaka majani yakamgusa midomo.